Farasi wa baharini katika tangi la kioo: je, anaweza kufugwa na kuzaa Juba?

Kutoka Juba hadi ufuo wa karibu wa Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa mwendo wa ndege, na kwa barabara ipitayo Nimule na Kampala hadi Mombasa safari huzidi kilomita 1,600. Hata hivyo, chumvi ya bahari huuzwa ndani ya mifuko, samaki hai husafirishwa kwa ndege, na swali la iwapo farasi wa baharini anaweza kuishi na kuzaa sebuleni, mbali na bahari, lilikwisha kupata jibu. Anaweza. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaoishi ndani ya bara wamelifanya jambo hilo kwa miongo kadhaa. Kinachoutofautisha mji wa Juba na miji yao ni mambo matatu: joto, umeme na chakula cha vifaranga. Kati ya hayo, la tatu ndilo linalowashinda wengi hata mahali ambapo mawili ya kwanza si tatizo.

Tuanze na jina, kwa sababu Juba jina hilo lina mtego. Kiarabu humwita mnyama huyu faras al-bahr, yaani farasi wa bahari, huku kiboko akiitwa faras an-nahr, farasi wa mto. Lakini nchini Sudan Kusini neno bahr hutumika kwa mito pia: Nile Nyeupe inapopita Juba huitwa Bahr el Jebel, na mto mwingine umelipa jina lake eneo zima la Bahr el Ghazal. Anayetaja farasi wa bahr mbele ya mvuvi wa Juba asishangae akionyeshwa kiboko. Kwa sababu hiyo makala hii inatumia jina farasi wa baharini, nalo lielekee kwenye maji ya chumvi pekee.

Samaki asiye na mfuko wa tumbo

Farasi wa baharini ni samaki, ingawa hana magamba na umbo lake halifanani na samaki yeyote wa sokoni Konyo Konyo. Mwili wake umezungushiwa pete za mfupa zilizofunikwa kwa ngozi nyembamba. Huogelea wima kwa kupepea pezi dogo la mgongoni. Macho yake hutazama kila moja upande wake, kama ya kinyonga, na mkia wake hushika jani kama mkono. Ni mwogeleaji dhaifu: mkondo mkali wa pampu humchosha, na asipopata kitu cha kukishika hukosa utulivu. Mimea ya plastiki, matawi ya matumbawe bandia au mwani hai humtosha.

Kwa mfugaji, jambo la kukumbukwa kuliko yote ni kwamba samaki huyu hana meno na hana mfuko wa tumbo. Hufyonza kamba wadogo kwa mdomo wake ulio kama mrija, nacho chakula hupita upesi katika utumbo wake mfupi. Samaki wengi wa matangini wanaweza kukaa siku kadhaa bila kulishwa. Farasi wa baharini aliyekomaa hutaka kula mara mbili au tatu kwa siku, na kifaranga wake karibu mchana kutwa. Hula pia kwa taratibu, akikitazama kila kipande kabla ya kukifyonza, kwa hiyo asiwekwe pamoja na samaki wenye pupa. Anemoni, matumbawe yanayochoma na kaa nao hawafai kuwa majirani zake.

Chumvi ya mfukoni, maji ya lori

Spishi za ukubwa wa kati, kama vile Hippocampus erectus wa Atlantiki ya magharibi au Hippocampus kuda wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, huhitaji tangi la lita 110 au zaidi kwa jozi moja, lenye kimo kisichopungua sentimita 45. Kimo hicho si pambo. Wakati wa kupandana, dume na jike hupanda pamoja kuelekea juu huku wameshikana mikia, na tangi fupi huwanyima nafasi ya kuhamisha mayai. Mayai mengi huanguka chini na kupotea.

Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Tangi la lita 120 hutaka basi kilo nne na ushei kulijaza mara ya kwanza, na kubadilisha asilimia 15 ya maji kila wiki hutumia zaidi ya gramu 600. Hakuna haja ya kusafirisha maji kutoka pwani, kwa maana zaidi ya asilimia 96 ya mzigo huo ingekuwa maji matupu. Kinachosafirishwa ni mchanganyiko wa chumvi uliotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haiwezi kushika nafasi yake, kwani imepungukiwa na magnesi, kalsiamu na madini mengine yanayoyafanya maji kuwa bahari.

Maji yenyewe ni suala jingine. Wakazi wengi wa Juba hununua maji yaletwayo kwa malori, mengi yakiwa yamevutwa kutoka Mto Nile. Huenda yakawa na tope, na yakitiwa klorini huua bakteria wanaolisafisha tangi na kuyadhuru matamvua ya samaki. Njia ya uhakika ni kuyapitisha katika chujio la osmosisi kabla ya kutia chumvi. Maji ya mvua, ambayo kati ya Aprili na Oktoba hayana uhaba, hufaa pia, ila yasikingwe kutoka kwenye paa la mabati: zinki inayotoka kwenye bati huwaua viumbe wadogo wa tangini hata ikiwa kidogo. Turubai safi la plastiki na pipa la plastiki hutosha.

Tangi likishajazwa, mnyama asiletwe. Kwanza bakteria wa kuigeuza amonia kuwa naitriti, na naitriti kuwa naitreti, wapewe muda wa kukua katika chujio, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Vipimo vikionyesha amonia sifuri na naitriti sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo tangi liko tayari.

Adui ni saa nane mchana

Spishi nyingi za kitropiki hustawi katika maji ya nyuzi joto 22 hadi 25 za Selsiasi. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mnyama wa bahari ya joto asivumilie joto. Jibu ni kwamba tangi si bahari. Kadiri maji ya tangini yanavyopanda kupita nyuzi 26 au 27, ndivyo oksijeni inavyopungua na bakteria wa magonjwa, hasa wa jamii ya Vibrio, wanavyoongezeka haraka. Ngozi hupata vidonda, mkia huanza kuoza, na mara nyingi dalili huonekana wakati matibabu yamechelewa.

Juba nayo ni mji wa joto. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili kwa sababu hiyo hiyo. Katika majira hayo, maji ya tangi lililo katika chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 bila shida.

Kuna dawa rahisi ambayo haijulikani inavyostahili. Feni ndogo ikielekezwa juu ya uso wa maji huyafanya yavukize, na uvukizi huyapoza kwa nyuzi mbili hadi nne. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi hewa ikiwa kavu, na bahati njema ni kwamba miezi mikali ya Juba, Januari hadi Machi, ndiyo pia miezi mikavu. Lakini mvuke unaoondoka ni maji bila chumvi. Kinachopungua kijazwe kila siku kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo baada ya wiki moja tangi litakuwa chungu kuliko bahari yenyewe. Hata hivyo, feni peke yake haiwezi kuyashusha maji kutoka nyuzi 33 hadi 24. Tangi liwekwe katika chumba cha ndani kisichopigwa na jua, na wakati wa kilele cha joto kiyoyozi au mtambo wa kupoza maji hauna mbadala.

Hapo ndipo umeme unapoingia. Kabla ya kituo cha megawati 33 kuzinduliwa mwaka 2019, sehemu kubwa ya Juba iliishi kwa jenereta za binafsi, na hata leo nyumba nyingi hazitegemei chanzo kimoja. Kwa farasi wa baharini, taa inaweza kuzimika kutwa nzima bila madhara. Kisichoweza kusimama ni mzunguko wa maji: chujio likikaa saa kadhaa bila kupitiwa na maji yenye oksijeni, bakteria wake hufa na amonia hupanda. Betri ya sola yenye inveta ndogo, iliyotengwa kwa pampu ya hewa na feni tu, ni kinga ya bei nafuu kuliko jenereta inayowashwa baada ya mwenye nyumba kuamka.

Baba mjamzito

Sifa iliyompa mnyama huyu umaarufu ni kwamba dume ndiye anayebeba mimba. Kila asubuhi jozi iliyoelewana husalimiana kwa mchezo wa kuzungukana na kubadilika rangi. Siku mayai ya jike yanapokomaa, salamu hizo hugeuka kuwa uchumba wa saa nyingi. Dume huujaza mfuko wake maji na kuutoa kama anayetangaza kuwa hauna kitu. Hatimaye jike huyahamisha mayai yake humo, na dume huyarutubisha ndani ya mfuko, huyapa oksijeni na kurekebisha chumvi ya maji yanayoyazunguka hadi ifanane na ya bahari kadiri siku za kuzaa zinavyokaribia.

Mimba huchukua wiki mbili hadi nne, kutegemea spishi na joto la maji. Uzazi aghalabu hutokea usiku au alfajiri: dume hujikunja kama anayeumwa tumbo, na kila anapojikunja vifaranga huchomoza. Idadi hutofautiana mno. Spishi ndogo huzaa makumi, za kati mamia, na Hippocampus reidi wa Atlantiki ya magharibi huweza kupita 1,000 kwa uzazi mmoja. Ndani ya saa chache baba huyo anaweza kuwa tayari kupokea mayai mengine. Kwa hiyo kupata vifaranga si kazi. Jozi yenye afya na chakula kizuri itazaa, mfugaji apende asipende.

Kazi huanza asubuhi inayofuata. Wazazi hawawalei watoto. Kila kifaranga, mwenye urefu wa milimita sita hadi kumi na mbili hivi, huzaliwa akiwa nakala kamili ya wazazi wake na huanza kuwinda siku hiyo hiyo. Ahamishwe kwa kikombe, akiwa ndani ya maji, asichotwe kwa wavu, maana akitolewa hewani huimeza. Kumeza hewa ndiko kunakoua vifaranga wengi katika wiki ya kwanza, hasa wa spishi ambazo watoto wake huelea juu ya maji, kama Hippocampus kuda na Hippocampus reidi. Huvutwa na mwanga wa juu, hufyonza hewa badala ya chakula, kisha huelea ubavu hadi wanapokufa. Ndiyo sababu chombo chao hufunikwa kwa karatasi nyeusi juu na pande zote isipokuwa dirisha dogo la mwanga ubavuni, na wafugaji wengi hutumia chombo cha mviringo ambamo viputo vichache vya hewa huyazungusha maji taratibu, ili watoto na chakula visigande mahali pamoja.

Chakula chenyewe lazima kiwe hai. Kinachotumika zaidi ni atemia, kamba wadogo wa maziwa ya chumvi ambao mayai yao makavu huuzwa ndani ya makopo na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Huu ndio msaada mkubwa kwa mtu wa Juba: kopo moja huingia katika begi la msafiri na halihitaji friji. Mayai hutiwa katika chupa ya maji ya chumvi yenye hewa inayobubujika, kwa joto la nyuzi 26 hadi 28, na huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Joto la Juba, ambalo ni adui wa tangi, hapa linasaidia. Maganda yatenganishwe, kwa kuwa huziba utumbo wa vifaranga. Na kwa vile atemia hupungukiwa na lishe kadiri kiini chake cha yai kinavyokwisha, sharti alishwe mwani au mafuta maalumu kabla ya kuliwa. Hata hilo haliwezekani mpaka apite saa kadhaa tangu kuanguliwa, mdomo wake unapofunguka.

Atemia mchanga ni mkubwa mno kwa watoto wa baadhi ya spishi. Hao huhitaji rotifa au kopepodi kwa siku kadhaa za mwanzo, nao rotifa huhitaji mwani wa kijani uliokuzwa. Mfugaji hujikuta akifuga viumbe watatu ili amfuge mmoja. Vifaranga 200 hulishwa mara nne au zaidi kwa siku, uchafu hufyonzwa kila siku kwa mpira mwembamba, na hali hiyo huendelea kwa miezi miwili au zaidi kabla hawajafunzwa kula chakula kilichogandishwa. Mtu mwenye ajira ya kutwa nzima ajiulize ni nani atakayekuwa nyumbani saa sita mchana.

Wengine watauliza kuhusu viluwiluwi vya mbu na viroboto-maji, ambavyo kila dimbwi la Juba huvitoa bure msimu wa mvua. Farasi wa baharini hula baadhi yake, lakini viumbe wa maji baridi hufa upesi katika maji ya chumvi na hawana mafuta ambayo samaki wa baharini huyahitaji. Ni kitoweo cha siku moja moja, na si chakula cha kutegemewa. Kwa wakubwa, chakula cha kawaida ni kamba wadogo waliogandishwa waitwao misisi. Friji ikizimika na kamba hao wakayeyuka, watupwe. Kuwagandisha tena ni kumlisha mnyama ugonjwa.

Spishi moja inastahili kutajwa peke yake. Hippocampus zosterae, kibete wa Ghuba ya Mexico na Florida, hukua hadi sentimita mbili na nusu hivi. Jozi kadhaa huishi katika tangi la lita 20, ambalo hutaka gramu 700 tu za chumvi. Mimba yake ni ya siku kumi hadi kumi na mbili, watoto hushika jani tangu kuzaliwa, na hula atemia mchanga siku ya kwanza. Wakubwa pia hula atemia hai, hivyo friji haihitajiki kabisa. Kasoro yake ni kwamba maji machache hupata joto upesi na huchafuka upesi, na maisha ya kibete huyu hayapiti sana mwaka mmoja au miwili. Hata hivyo, kwa hali ya Juba, ni vigumu kumpendekeza mwingine kwanza.

Anatoka wapi

Farasi wa baharini wanaishi pia katika majani ya bahari ya pwani ya Kenya na Tanzania, na njia fupi ingeonekana kuwa ni kumwagiza mmoja kutoka huko. Njia hiyo ni mbaya kwa sababu mbili. Aliyevuliwa baharini hukataa chakula kisicho hai, hubeba vimelea, na mara nyingi hufa ndani ya wiki chache. Aidha, jamii yake imekwisha kupunguzwa: duniani kote wengi hunaswa katika nyavu za kukokota kamba, hukaushwa na kuuzwa, hasa kwa tiba za asili za Asia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliikuta biashara hiyo Tanzania pia. Amanda Vincent, mwanabiolojia aliyetangulia kuwachunguza farasi hao chini ya maji na aliyeasisi pamoja na Heather Koldewey mradi wa Project Seahorse mwaka 1996, alikuwa miongoni mwa waliosukuma mabadiliko ya sheria.

Novemba 2002, katika mkutano wa Santiago nchini Chile, mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini uliwaingiza farasi wote wa baharini katika Kiambatisho cha Pili, na amri hiyo ikaanza kutumika Mei 2004. Maana yake ni kwamba kila mnyama anayevuka mpaka, hai au mkavu, awe na kibali cha nchi anakotoka. Mnunuzi adai karatasi hiyo, na adai ithibati kuwa mnyama alizaliwa kizuizini. Aliyezaliwa kizuizini amezoea chakula kilichogandishwa na mkono wa mtu, na bei yake ya juu hufidiwa na kuishi kwake.

Kabla ya kuagiza, kuna mazoezi yanayoweza kufanywa kwa samaki wa mfumo wa Mto Nile. Pseudocrenilabrus multicolor, samaki mdogo wa urefu wa sentimita nane hivi aliyeingia katika matangi ya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, huzaa kwa namna inayokaribia kustaajabisha kama ya farasi wa baharini. Jike huyakusanya mayai mdomoni na kukaa nayo siku kumi au zaidi bila kula, na watoto wakishatoka hukimbilia tena kinywani mwake wanapotishwa. Hahitaji chumvi, na joto la maji linalofika nyuzi 28 halimsumbui. Watoto wake hula atemia mchanga, kwa hiyo chupa ya kuangulia na ratiba ya kulisha hujaribiwa bila hasara kubwa.

Karibu na tangi hilo iwekwe pimajoto na daftari. Kipimo cha maji kiandikwe kila siku kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, pamoja na saa ambazo umeme ulikatika. Ikiwa, licha ya feni na chumba cha ndani, maji yalipita nyuzi 27 kwa siku nyingi mfululizo, oda ya farasi wa baharini isubiri mpaka mtambo wa kupoza maji upatikane.